Amplifaya Nyuma ya Pazia

Amplifaya ile ilibebwa na vijana wawili, na walipoitua sebuleni kwa mjomba wangu ilibidi wavute pumzi kwanza ndipo waombe sahihi yake. Uso wake wa mbele ulikuwa wa alumini nene, na vipimo viwili vya sindano vilivyowaka rangi ya buluu. Muuzaji alimwachia aijaribu nyumbani wiki moja: ikimpendeza alipe, isipompendeza airudishe. Bei yake ilikuwa bei ya gari jipya, naye mjomba alikuwa amekwisha kustaafu. Binamu yangu, bintiye kitinda mimba, ndiye aliyenipigia simu.

"Njoo uzungumze na mzee," aliniambia. "Wewe atakusikiliza. Anasema wiki ikiisha tu anakwenda benki."

Nilikwenda, ila si kwa nia ya kumkataza. Kazi yangu ni kurekodi sauti studio, na masikio yanayonipa riziki yalinolewa na mjomba huyo huyo. Nilipokuwa mtoto alikuwa akinikalisha na kuniambia nifuate gitaa la besi peke yake tangu wimbo unaanza hadi unakwisha, kisha anaurudisha mwanzo nifuate ngoma. Mtu wa namna hiyo akikwambia amesikia kitu, huanzi kwa kumbishia.

Tena kuna fedha alizotumia miaka ya nyuma ambazo nazitetea hadi leo. Spika zake ni zile za kusimama sakafuni, zinanifika kifuani, na hazikuwa rahisi hata kidogo. Katika mtambo mzima wa muziki hakuna kinachotofautiana kama spika. Ili itoe kwa nguvu sauti nzito ya hezi 30, yaani mitetemo 30 kwa sekunde, lazima isukume hewa nyingi: koni kubwa iende mbele na kurudi nyuma bila kukwaruza, na kasha lake litulie, lisitetemeke likaanza kuimba lenyewe. Hayo yanataka sumaku kubwa, mbao nzito na watu wanaojua kupima, na yote yana gharama. Amplifaya ni habari nyingine. Kazi yake ni kuikuza ishara ya umeme inayobeba muziki bila kuibadilisha, na wahandisi walilimaliza tatizo hilo miongo mingi iliyopita. Amplifaya ya kawaida iliyoundwa vizuri, ilimradi isilazimishwe kupita nguvu zake, hukuza kila kitu kuanzia hezi 20 hadi 20,000 kwa usawa ambao sikio halioni pa kuukosoa. Hata ukinunua yenye wati maradufu, unachoongeza ni desibeli 3 tu, hatua ndogo katika kipimo cha ukubwa wa sauti.

Sikumwambia hayo. Nilimwomba aniwekee muziki.

Aliweka sauti ya mwanamke na piano, kwanza kwa amplifaya yake ya zamani. Kisha akahamisha waya na kuuweka wimbo uleule kwa ile mpya, kitufe cha sauti kikiwa kwenye alama ileile. Na kweli, ile mpya ilikuwa nzuri zaidi. Pumzi za mwimbaji zilisogea karibu, piano ikapata uzito. Mjomba alinitazama usoni akajua kwamba na mimi nimesikia.

"Umeona?"

"Nimesikia, mjomba. Sasa niruhusu nipime."

Nilicheza mlio mmoja wa hezi 1,000 na kugusisha maltimita, kile kifaa cha kupimia umeme, kwenye skrubu za nyuma ya spika. Amplifaya ya zamani ilisoma volti 2.00. Ile mpya ilisoma 2.24. Tofauti hiyo ni karibu desibeli 1, kiasi ambacho wengi hawatasema kwamba sauti imepandishwa. Sikio hulipokea ongezeko dogo namna hiyo kama uwazi, kama ukaribu, kama uhai. Naamini hapa ndipo fedha nyingi za wapenda muziki zinapopotelea, na inaniuma, kwa sababu mnunuzi si mjinga wala hajidanganyi. Anasikia tofauti ya kweli, anailipia, na kumbe angeipata kwa kuzungusha kidogo kitufe alichonacho nyumbani.

Niliishusha ile mpya mpaka ikasoma 2.01. Tukatundika pazia zito mbele ya rafu, binamu yangu akaingia nyuma yake na kisanduku cha swichi nilichokuja nacho kutoka studio. Mjomba angesikiliza ya kwanza, angesikiliza ya pili, kisha angewekewa ya tatu asiyoijua na kusema ni ipi kati ya zile mbili. Kila raundi binamu alirusha sarafu kuamua, akaandika karatasini. Nyimbo alizichagua mjomba mwenyewe, na hakuna aliyemharakisha. Kuna kipande alikirudia mpaka nikatoka nje kunyoosha miguu.

Tulikubaliana raundi 16. Anayebahatisha hupata kama 8 hivi, na kufikia 12 au zaidi kwa bahati tupu hutokea chini ya mara 4 katika 100, kwa hiyo 12 ndiyo tuliyoifanya kuwa kipimo. Mjomba alipata 7. Nikakaa kitini mimi, ambaye kusikiliza ndiyo kazi yangu, nikapata 9.

Aliichukua karatasi akaipitia mstari kwa mstari kwa kidole. "Hesabu tena," alimwambia bintiye. Akahesabu tena. Mzee akavua miwani.

"Lakini jana nilisikia."

"Ulisikia kweli," nilimjibu, nikamweleza habari ya volti. Nikamweleza pia utafiti ambao wataalamu wa sauti Floyd Toole na Sean Olive waliuchapisha mwaka 1994. Waliwapa watu spika wazikadirie, mara wakiziona, mara zikiwa zimefichwa. Walipoziona, waliupa alama umbo na ukubwa wake kiasi kwamba spika ikihamishwa mahali pengine chumbani, alama zao zilibadilika kidogo tu. Zilipofichwa, masikio yaleyale yakaanza kuona kwamba mahali spika inaposimama pana uzito wake.

Hilo la mwisho lilimgusa, lakini alikuwa na jingine moyoni. "Nipime na masikio," alisema. Sikutaka. Akasisitiza.

Nilipandisha mlio taratibu. Hezi 8,000 aliusikia vizuri. Kwenye 10,000 aliinamisha kichwa akiutafuta. Ulipofika 14,000 binamu yangu alikuwa amekunja uso na kuziba sikio moja, na mjomba akauliza, "Umezima?" Tulikawia kumjibu. Umri huanza na milio ya juu, kwa kila binadamu, wala hakuna kifaa kinachoirudisha. Yeye alikuwa amenunua kwa bei kubwa mafaili ya muziki ya kilohezi 192, yaani ambayo sauti yake imepimwa mara 192,000 kwa sekunde, wakati CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982 na kilohezi zake 44.1, tayari hubeba milio hadi kupita hezi 20,000, ambako hata usikivu wa kijana unakoma. Aliyapokea maneno hayo kwa utulivu kuliko nilivyotarajia. "Basi twende kwenye chumba," alisema.

Chumba ndicho kilichokuwa kinaniwasha tangu nilipoingia. Urefu wake ni mita 5.7, na kiti cha mjomba kilikuwa kimeegemea ukuta wa nyuma kabisa. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la hezi 60 lina urefu karibu sawa na chumba kile. Likigonga ukuta na kurudi hujijenga lenyewe, na kwenye ukuta ndiko linakovimba. Mpigaji apige besi anavyopiga, mjomba alikuwa akisikia noti moja inavuma na kuzimeza nyingine. Lakini ukiuacha ukuta kwa robo ya urefu, kama mita 1.4, wimbi hilo karibu linakufa.

Tulisogeza kiti hapo. Tukazivuta spika mbele ziachane na pembe za chumba. Ukuta mtupu wa kulia tukauwekea rafu ya vitabu, na kioo cha dirisha la kushoto tukakifunika kwa lile pazia, kazi yake nyingine ikiwa imekwisha. Wakati tunahangaika nilimsimulia habari za Wallace Sabine, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye mwaka 1895 alipewa ukumbi wa mihadhara ambao neno lilibaki likisikika zaidi ya sekunde 5 baada ya kutamkwa. Akawa anahamisha matakia ya viti usiku kutoka ukumbi mwingine na kupima jinsi mwangwi unavyopungua. Mjomba aliipenda habari ya matakia. Aliniuliza kama Sabine alikuwa anayarudisha kabla ya asubuhi.

Kisha akakaa, na amplifaya ya zamani ikapiga. Haikupita dakika moja akainua mkono. "Hapa anapiga noti mbili," alisema, "anashuka. Miaka yote hii sikujua kwamba anashuka." Hatukuhitaji sarafu wala karatasi, binamu yangu, ambaye muziki wa baba yake huwa haumshughulishi, aliisikia tofauti akiwa mlangoni.

Ile mpya ilikuwa nzuri kuitazama, na mjomba aliisifu mpaka mwisho. Kama angetaka kuinunua kwa ufundi wa mikono iliyoiunda, nisingesema neno. Ila alichouziwa ni sauti.

Muuzaji alipopiga simu kutaka jibu, mjomba alimsimulia yote, kuanzia volti hadi karatasi. Yule akasema majaribio ya namna hiyo huchosha sikio, na kwamba tofauti hujitokeza mtu akishakaa na kifaa muda mrefu akakizoea.

"Sawa," mjomba alimwambia. "Niachie miezi miwili niizoee. Halafu uje na wewe, tukae hapa wote wawili na pazia, tuhesabu."

Muuzaji hakukubali.