Siku Tatu na Laptopu ya Mwalimu

Kisumu, Jumapili usiku

Leo nimechelewa kufunga. Huko nje watu wa soko la Kibuye wameshafungasha mitumba, mikokoteni ya mwisho imepita, na mimi bado niko hapa saibani, kwenye duka langu la kompyuta, na taa moja. Laptopu ya Mwalimu iko mezani. Nataka niandike yaliyotokea tangu Ijumaa kabla usingizi haujanichukua, maana kuna jambo huwa nawaambia wateja kila siku kwa mdomo na sijawahi kuliweka mahali.

Mwalimu aliingia Ijumaa saa nne asubuhi. Amestaafu miaka mingi, lakini mtaani hakuna anayemwita kwa jina. Ni Mwalimu tu. Siku hizi ndiye katibu wa chama cha akina mama wa kanisani kwake. Aliitoa laptopu kwenye leso aliyokuwa ameifungia, akaiweka mezani kwa mikono miwili.

"Nyathina, hii kitu inachukua nusu saa kuamka. Na kila mara inaniambia nina virusi. Nisafishie."

"Sawa, Mwalimu. Kuna kitu humu ndani ambacho hutaki kipotee?"

"Hesabu za chama. Tangu 2016."

"Kuna nakala kwingine?"

Hakujibu. Alinitazama, na nikajua.

Nisafishie. Hilo ndilo neno la kazi yetu. Mtu akiona mashine inakwama, kichwani mwake kuna uchafu fulani ndani, na fundi ni mtu wa kuutoa. Nasi mafundi tumeizoea dhana hiyo kwa sababu inalipa: unachomeka flashi, unaweka programu ya kusafisha, inahesabu makosa mia tisa kwenye rejista, lile daftari la mipangilio ya Windows, unabonyeza, makosa yanaisha, mteja anafurahi. Microsoft wenyewe wamesema hawaungi mkono programu za kusafisha rejista, na mimi sijawahi kuona mashine iliyopata mbio kwa sababu hiyo. Nimeona zilizogoma kuwaka.

Mwaka 2018, nikiwa bado najifunza kazi kwa fundi mwingine, kijana wa chuo alileta mashine yenye malalamiko haya haya. Diski ilikuwa inatoa mlio mdogo, tik, tik, kama saa ya ukutani. Sikuujali. Niliendesha usafishaji, kisha nikaiamuru ipange upya faili zote za diski, nikaiacha usiku kucha. Asubuhi diski haikutambulika tena. Mradi wake wa mwaka wa mwisho ulikuwa humo. Diski inayokufa nguvu zake zina kiasi, na mimi nilizimaliza zote kwa kuhamisha faili ambazo hazikuwa na haja ya kuhama. Bado naiona sura ya yule kijana akisimama mlangoni.

Kwa hiyo siku hizi nikipewa mashine kitu cha kwanza ninachofungua ni CrystalDiskInfo. Ni programu ndogo kutoka Japani, ya bure, na ukichukua ile iliyo kwenye kifurushi cha zip haihitaji hata kusakinishwa. Inakaa kwenye flashi yangu. Karibu diski zote za kompyuta hujiwekea kumbukumbu ya afya yake, na programu hii kazi yake ni kuisoma na kukuonyesha. Bluu ni nzima, manjano ni tahadhari, nyekundu ni mbaya. Ya Mwalimu ilikuwa manjano. Nikashuka hadi mstari wa C5, unaohesabu sekta, yaani vipande vidogo vya diski, ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaamua izifanyeje. Pameandikwa 38. Lazima ujue kwamba hapo tarakimu huonyeshwa kwa mfumo wa kumi na sita, kwa hiyo 38 ile ni 16 mara tatu ukiongeza 8, kwa hesabu yetu 56. Sehemu 56 za diski zilizokuwa zimekataa kusomeka, na mashine ilikuwa inarudia kuzijaribu moja moja. Hiyo ndiyo iliyokuwa nusu saa ya kuamka.

Niliizima papo hapo.

"Mwalimu, haina uchafu. Diski ndiyo inakufa. Tukisafisha sasa tutaimaliza. Niachie nitoe kwanza kilichomo."

"Utakitoa chote?"

"Nitajaribu, Mwalimu." Sikuweza kumwahidi zaidi ya hapo.

Jumamosi nilifungua kava, nikaitoa diski, nikaichomeka kwa kebo kwenye mashine yangu inayotumia Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, pamoja na diski ya nje ya terabaiti moja iliyokuwa tupu. Kazi yenyewe niliiachia GNU ddrescue, programu ya kunakili diski zinazokufa. Imeandikwa na Antonio Díaz Díaz, haina picha wala vitufe, ni maandishi tu kwenye skrini nyeusi, na sijui programu nyingine ninayoiheshimu kiasi hiki. Nakala ya kawaida ikigonga sekta mbovu inakwama hapo au inakata tamaa. Hii inaruka. Inachukua kwanza kila kinachosomeka kwa urahisi, inaziacha sehemu ngumu, kisha inazirudia polepole wakati sehemu kubwa ya data iko salama tayari. Ndivyo ungemwokolea mtu vitu nyumba ikiungua: unatoa kilicho karibu na mlango kwanza, ndipo unajaribu chumba cha ndani.

Amri yake inataka uitaje diski unayoitoa data kwanza, kisha unayoipelekea. Ukizigeuza, unaandika utupu juu ya kitu ulichotaka kuokoa. Kwa hiyo huwa naandika kwenye karatasi, namba ya diski ya mteja na herufi iliyopewa, namba ya diski yangu na herufi yake, naibandika karatasi juu ya skrini, nasoma kwa sauti, ndipo nabonyeza. Jumamosi nilisoma mara tatu.

Ilianza vizuri. Gigabaiti mia moja, mia mbili. Saa mbili usiku stima ikapotea, mtaa mzima giza, na betri ya mashine yangu haishiki tena. Zamani ningelia. Lakini ddrescue, inapofanya kazi, huweka faili ya ramani: inaandika sehemu ipi imesomwa, ipi imerukwa, ipi imeshindikana. Niliihifadhi kwenye diski ya nje ile ile. Stima iliporudi, saa tano kasoro, niliandika amri ile ile, ikafungua ramani yake, ikaendelea ilipokuwa imefika. Haikurudia sehemu ambazo ramani ilionyesha zimekwisha kusomwa, na kwa diski iliyobakiza pumzi chache hilo ndilo linaloamua. Sijui kama aliyeiandika aliwahi kufikiria mji ambao stima hupotea namna hii, lakini mimi niliyekuwa gizani nilimshukuru.

Nilipokuwa nasubiri nilikuwa nawaza kuhusu neno bure. Waliozoea Kiingereza wana neno moja la kitu kisicholipiwa na kitu kilicho huru, na tangu mwanaprogramu Mmarekani Richard Stallman alipotangaza mradi wake wa programu huru, GNU, mwaka 1983 wamekuwa wakieleza na kueleza tena ni maana ipi wanayokusudia. Sisi tunayo mawili. Bure ni habari ya mfuko. Huria ni habari ya mlango: mtu yeyote anaweza kuingia aone programu imejengwaje, aikarabati, ampe mwenzake. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliweza kuifanya OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu, izungumze Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice, na hawakuhitaji kumwomba mtu ruhusa, kwa sababu mlango ulikuwa wazi.

Nalisema hili kwa kuwa bure peke yake imewaumiza wateja wangu wengi. CCleaner, moja ya zile programu za kusafisha, ilikuwa bure na kila fundi alikuwa nayo. Mwaka 2017 wadukuzi waliingia kwa watengenezaji wake na toleo la 5.33 likasambazwa likiwa na msimbo wao ndani, kutoka tovuti halali kabisa, kwenye kompyuta zaidi ya milioni mbili. Walioipakua hawakuwa wazembe. Tangu nisome habari ile nimepunguza flashi yangu mpaka ikabaki na vitu vichache. Kwa virusi, Defender inayokuja na Windows inawatosha wengi. Mtu akilalamika diski imejaa, namfungulia WinDirStat aone mwenyewe kwa vibao vya rangi ni nini kimejaa. Mara nyingi ni video za WhatsApp na folda ya vipakuliwa. Anafuta kwa mkono wake, akijua anachofuta.

Leo asubuhi ddrescue ilikuwa imemaliza. Kati ya gigabaiti 500, ilishindwa na kilobaiti 224 tu. Ukisikia hivyo unaona ni kama hakuna kitu. Kisha nikafungua folda ya chama, nikabofya faili ya hesabu, na LibreOffice, programu huria ninayofungulia faili za Excel, ikaniambia faili imeharibika, je, iikarabati?

Niliketi kidogo kabla ya kujibu.

Kisha nikakumbuka kwamba faili ya xlsx, yaani ya Excel kama hii, kwa kweli ni kifurushi cha zip kilichovaa jina lingine. Nikaikabidhi kwa 7-Zip, programu ya kufungua vifurushi. Hii nayo ni ya bure na huria, Mrusi Igor Pavlov ameitunza tangu 1999, na watu wengi hudhani inafungua vifurushi vya kupakua tu. Iliifungua faili ya Mwalimu kama kabati. Ndani kulikuwa na kila ukurasa peke yake, mwaka mmoja ukurasa mmoja, na majina ya akina mama yote kwenye faili nyingine ya pembeni, kwa sababu Excel huweka maneno mahali pamoja na kurasa zinayarejelea kwa namba. Nikatoa vyote. Majina, salama. 2016, salama. 2017, 2018, 2019, 2020, salama. 2021 ikatoa kosa. 2022 hadi sasa, salama. Sekta mbovu ilikuwa imeangukia ukurasa mmoja.

Mwalimu alikuja baada ya ibada. Nilikuwa nimeshaweka SSD mpya, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, na Linux Mint, aina mojawapo ya Linux, maana Windows 10 iliacha kupata masasisho ya usalama ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025 na mashine yake ni ya zamani kuliko Windows 11 inavyokubali. Gigabaiti 4 za RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, zinaitosha Mint. Iliwaka kabla hajamaliza kuweka mkoba chini, akaitazama, akanitazama.

Nilimweleza kuhusu vile vitisho vya virusi. Havikuwa virusi. Siku moja tovuti fulani ilimuuliza kama anaruhusu arifa, naye akabonyeza kukubali ili asome habari aliyokuwa anaitafuta, na tangu hapo tovuti hiyo ikawa na haki ya kumtumia ujumbe kwenye kona ya skrini, ikajifanya ni kompyuta inayosema. Nilimwonyesha kwenye kivinjari cha Firefox mahali pa kukataa maombi hayo yote mara moja. Nikamwekea uBlock Origin, kizuia matangazo. Nilimsisitizia Origin, kwa sababu kuna nyingine yenye jina linalofanana isiyo na uhusiano nayo. Matangazo hayapakuliwi kabisa, kwa hiyo hata bando lake litadumu zaidi, na vile vitufe vikubwa vya kijani vya kupakua ambavyo vimewapotosha wengi havitamfikia. Aliuliza inalipiwaje.

"Hailipiwi, Mwalimu. Aliyeitengeneza, Raymond Hill, hataki hata mchango. Anasema ukitaka kumshukuru mtu, washukuru wanaotunza orodha za matangazo ya kuzuia."

"Na anakula nini?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia tu kwamba wapo wengi wa namna hiyo, na kwamba kazi ya jana usiku yote ilifanywa na mikono yao.

Ndipo nikamwambia kuhusu 2021. Nilitarajia ahuzunike. Alinyamaza, akafungua mkoba, akatoa kitabu cha stakabadhi kilichofungwa kwa mpira, kurasa zimegeuka manjano pembeni.

"2021 nilikuwa naandika hapa kwanza," alisema. "Corona. Hatukuwa tunakutana. Walikuwa wananitumia kwa M-Pesa mmoja mmoja, nami naandika."

Akavuta kiti. Nikafungua ukurasa mpya kwenye LibreOffice, nikauita 2021, nikavuta majina kutoka kwenye orodha iliyookoka. Alisoma, nikaandika. Wawili kati ya wale waliotoa mchango wa Februari hawapo tena duniani. Alipofika kwenye majina yao alisoma polepole zaidi, na kiasi alichotaja akakirudia mara mbili, nami nikakiandika nikahakikisha. Tulifika Juni giza likiwa limeshaingia. Kabla hajaondoka nilinakili faili kwenye flashi mbili. Moja ameondoka nayo, nyingine atampa mweka hazina.

Kitabu amekiacha hapa kwangu, ndani ya leso. Atarudi kesho saa tatu tuanze Julai.