Kifua cha Jumatatu

Jioni hii nimepanda na kaka kwenda kwake, juu kwenye mawe ya Igogo, hapa Mwanza. Kaka ni kibarua kwenye kiwanda cha kuchambua pamba.

Katikati ya njia akasimama. Akaegemea jiwe, pumzi inatoka na mluzi.
Watoto wenye ndoo za maji kichwani wakatupita.
Kwenye kope zake, nyuzi nyeupe za pamba.

"Ni Jumatatu tu, mdogo wangu. Kesho kifua kitafunguka."

Hapo ndipo nilipoogopa. Kubanwa kifua siku ya kwanza baada ya mapumziko, kisha kupata nafuu, ndiyo dalili ya mwanzo ya bisinosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la pamba. Miaka ikipita humo vumbini, Jumatatu inageuka kila siku, na mapafu huenda yasirudi yalivyokuwa.

Kiwandani wanajifunga leso tu puani! Leso haizuii vumbi laini. Na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri apimishe afya za wafanyakazi. Kaka hajawahi kupuliza kipimo cha mapafu.

Mliofanya kazi kwenye pamba, Mwanza, Simiyu, Shinyanga: mlipimwa? Mlianzia wapi kudai? Niandikieni hapa, nitamsomea kaka.