Deki tatu za VCD na sauti ya bibi

Ilikuwa siku mbili kabla ya Idi, mwaka 2017. Shangazi ameshajikalia mkekani, kanga begani, anasubiri harusi ya dada yangu kama tulivyozoea kuiangalia kila sikukuu. Nikaweka CD ya tatu, trei ikaingia, ndani kikasikika kitu kinajaribu kuzunguka, kinasita, kinajaribu tena. Kisha kioo cha deki kikaandika NO DISC. Nikaitoa, nikaifuta, nikairudisha. Jibu lile lile. Shangazi akanitazama, akasema, "Mwanangu, usije ukaniambia sauti ya mama ndiyo imekwenda."

Mama anayemtaja ni bibi yangu. Harusi ilifanyika 2003, hapa hapa Ngamiani, Tanga, na mpiga video akatukabidhi CD tatu, maana VCD moja, yaani CD ya video, haibebi zaidi ya dakika 74 hivi. Ya kwanza ni kupamba na nikahi, ya pili usiku wa taarab, ya tatu kumtoa bibi harusi. Mwishoni kabisa mwa hiyo ya tatu, bibi amekaa kitandani na dada, anamuusia. Dakika nne tu. Bibi alifariki 2006, kabla nyumbani kwetu hakujakuwa na simu ya kurekodi, na mpiga video alisharekodia harusi za wengine juu ya mkanda wetu, kisha akafunga studio. Sauti ya bibi haipo kwingine kokote. Ndiyo sababu mimi, muuza nguo, nimejifunza kutunza deki za VCD, na naandika haya kwa kila mwenye CD za namna hii kabatini.

VCD ilitoka 1993 kwa makubaliano ya Philips, Sony, JVC na Matsushita, wale wenye jina la Panasonic. Marekani na Ulaya haikushika sana. Iliposhika ni China na Asia ya Kusini-Mashariki, na viwanda vya China vikazishusha deki bei mpaka zikatufikia na sisi. Picha yake ni ndogo, nukta 352 kwa 288, karibu robo ya nukta za DVD. Lakini CD tupu ilikuwa rahisi na kompyuta yoyote yenye uwezo wa kuchoma CD iliitengeneza, kwa hiyo harusi, maulidi, mahafali na taarab za miaka ile viliingia humo. Kisha ikaja DVD, zikaja flashi, zikaja simu. Leo dukani huipati deki ya VCD. Unayoipata ni mbovu ya mtu, na spea inatoka kwenye mbovu nyingine.

Kosa langu la kwanza lilitokana na haraka ya Idi. Niliipeleka deki kwa fundi wa kwanza niliyemkuta wazi. Pembeni mwa lenzi kuna kiskrubu kidogo kinachopanga nguvu ya leza, ule mwanga unaoisoma CD. Alikizungusha, deki ikasoma papo hapo, nikalipa, tukala Idi na harusi yetu. Wiki tatu baadaye deki ikafa moja kwa moja. Leza iliyochoka ukiilazimisha kuwaka kwa nguvu zaidi ni sawa na kupandisha utambi wa taa yenye mafuta kidogo: utaona vizuri usiku huo, kesho hakuna mafuta. Sasa nikipewa deki, hicho kiskrubu ndicho cha mwisho kuguswa, na kabla ya kukigusa nakiwekea alama ya kalamu nijue kilikuwa wapi.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja fundi redio wa mtaani kwetu. Nilimpa shikamoo, nikamweleza. Akaifungua deki mbele yangu, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Usianze na leza. Anza na uchafu." Ndani mlikuwa na mabawa ya mende, vumbi lililoshikana kama sufi, na mayai mawili ya mjusi kafiri yaliyobandikwa pembeni mwa transfoma, mahali penye joto. Kwetu pwani kuna jambo jingine tena, hewa ya chumvi. Vile vyuma viwili ambavyo lenzi inatelezea kutoka katikati ya CD kwenda ukingoni vilikuwa na kutu nyembamba, na grisi yake imekauka ikawa kama gundi. Lenzi ilikuwa haiwezi hata kusogea kurudi katikati, na pale katikati ndipo deki inaposoma kwanza ili ijue kuna CD. Isipofika pale, itakwambia hakuna CD hata ukiweka mpya.

Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu. Naanza kwa kupuliza vumbi, kisha navifuta vyuma kwa kitambaa chenye spiriti mpaka ving'ae, naweka grisi nyeupe kidogo sana, kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti. Mafuta ya cherehani siyataki, yanatambaa mpaka kwenye lenzi. Lenzi yenyewe naipangusa kwa pamba ya masikioni iliyoloweshwa spiriti safi, kwa mguso mwepesi, kwa sababu inaning'inia kwenye nyaya nyembamba mno na mkono mzito unaipinda. Manukato hapana. Mate hapana. Deki nyingi za majirani nilizoletewa zilipona hapo hapo, bila spea yoyote.

Yetu haikupona, kwa kuwa leza yake ilishamalizwa. Nikatafuta lenzi mpya, maana kinachoitwa lenzi dukani ni kipande kizima chenye leza ndani yake. Deki nyingi za Kichina za wakati ule zilifungwa lenzi ya Sanyo yenye namba SF-P101N, na namba hiyo imeandikwa kwenye lenzi yenyewe. Kijana mmoja wa Kariakoo akaipata, akaituma kwa basi. Nilipofungua nikakuta haiingii: ilikuja ya pini 16, yangu ni ya pini 15. Zote mbili zina namba ile ile. Hesabu pini kabla hujatuma pesa. Ya pili ilikuja sawasawa, imefungwa kwenye mfuko unaong'aa wa kuzuia umeme tuli. Nikaifunga, nikachomeka utepe wa nyaya, nikawasha. NO DISC.

Nilikaa na deki ile usiku mzima nikiamini nimeuziwa mbovu. Asubuhi nikaibeba mpaka kwa mzee. Akaiinua lenzi juani, akaigeuza, akanionyesha kwa ncha ya bisibisi: kwenye bodi yake ndogo ya saketi, kando ya pini, kulikuwa na tone la risasi ya kuchomea limeunganisha vituo viwili vilivyokaa jirani, dogo kuliko punje ya mtama. Nilikuwa nimeliona na kudhani ni alama ya kiwanda. Kumbe wenye kiwanda huliweka makusudi, kwa kuwa umeme tuli wa vidole tu unaweza kuiua leza ikiwa haijafungwa. Tone lile linaipitisha hatari pembeni. Kazi yake inaisha ukishachomeka utepe. Hapo unatakiwa kuliondoa, la sivyo leza haiwaki kamwe. Mzee akapasha pasi yake ya kuchomea, akaigusisha mara moja, tone likapanda kwenye ncha kama chozi. Tukarudisha lenzi mahali pake. CD ikazunguka, ikashika kasi, na kwenye TV ya chogo dukani kwake akatokea dada na shela lake.

Mwaka uliofuata deki ilianza kujizima yenyewe katikati ya picha. Hiyo haikunihangaisha. Umeme wetu unapanda na kushuka, na vinavyoumia kwanza ni kapasita, vile vikopo vidogo vinavyotunza umeme, za upande wa umeme. Ukizitazama utaona kichwa kimevimba badala ya kuwa bapa. Njia ya volti 5 ilikuwa inatoa 4.2 nilipoipima. Nikabadilisha kapasita ya mikrofaradi 1000 yenye volti 10, nikaweka ya mikrofaradi zile zile lakini volti 16, ikatulia mpaka leo. Ninachokiheshimu ni ile kapasita kubwa iliyo upande unaoingilia umeme wa ukutani. Inabaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya. Kama hujui kuutoa umeme uliobaki humo, mwachie fundi.

Deki ikipona, zinabaki CD. Watu wanalinda upande unaong'aa wakasahau upande wa maandishi, na huko ndiko kwenye hatari zaidi, kwa kuwa kwenye CD kile kitabaka kinachobeba picha kiko juu kabisa, chini tu ya rangi. Mkwaruzo wa chini mara nyingi unavumilika. Wa juu ukichubua kitabaka, picha imeondoka nacho. CD za kuchoma nyumbani, kama zetu, zinahifadhi picha kwenye rangi maalumu, na rangi hiyo inafifia kwa jua na joto. Naziosha kwa maji na sabuni ya vyombo kidogo, nazifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, kamwe si kwa kuzungusha. Sababu ni kwamba CD inaweza kujirekebisha kipande kilichopotea cha kama milimita 2.5 kwenye mstari wake. Mkwaruzo wa kutoka katikati kwenda nje unakata kila mstari kidogo tu, wakati ule unaofuata mduara unafuta kipande kirefu kwa mkupuo.

Na CD inasomwa kuanzia katikati kuelekea ukingoni. Maana yake, kilichorekodiwa mwisho kiko nje kabisa, pale vidole vinaposhika na unyevu unapoanzia kuingia. Bibi yuko pale.

Vijana wengi wameniuliza kwa nini sihamishii kwenye kompyuta nikaachana na deki. Nimehamisha, tena ukiwa na CD nzima fanya leo hii. Lakini CD mbovu ni habari nyingine. Faili la kawaida kwenye CD lina kinga mbili dhidi ya makosa. VCD iliacha kinga ya pili ili ipate nafasi ya picha: kila kifungu kinabeba baiti 2,324 badala ya 2,048. Kompyuta haiachii makosa. Ikikutana na sehemu mbovu inarudia, inarudia, mwishowe inagoma na kukunyima faili lote. Deki haina habari na faili. Ikikosa kipande inaonyesha vibokisi vya rangi, sauti inakatika sekunde moja, inaruka na kuendelea. Ninachofanya ni kuchomeka waya za AV za deki, ya njano, nyeupe na nyekundu, kwenye kidude cha USB cha kunasia video, halafu naiacha deki icheze, kompyuta inarekodi kinachopita. Kwa njia hii nimeokoa CD tisa za majirani ambazo kompyuta ilizikataa.

Ile ya tatu ya kwetu, deki yetu iliisoma mpaka dakika ya 61 ikaganda. Deki ya pili, niliyopewa na jirani aliyehamia Muheza, ikaisoma mpaka 64, kisha ikaganda nayo. Bibi anaanza kuusia dakika ya 66.

Ya tatu niliikuta kwa muuza vyuma chakavu. Ni deki ya DVD, mwenyewe kaitupa kwa sababu haisomi DVD. Nilipoiona nikakumbuka jambo alilowahi kunieleza mzee: DVD inasomwa kwa mwanga wa nanomita 650 na CD kwa wa nanomita 780, kwa hiyo ndani ya lenzi moja ya DVD mna leza mbili, na mara nyingi inakufa moja tu. Mtu aliyeangalia DVD miaka kumi ameichosha ile ya kwanza. Ya pili hajaigusa. Nikainunua kwa bei ya chuma, nikaisafisha, nikaiwekea CD ya bibi harusi.

Ilikuwa Ijumaa, baada ya Alasiri. Nilimwita shangazi kabla sijajaribu, nikaona si haki niangalie peke yangu. Dakika ya 61 ikapita na vibokisi. Ya 64 sauti ikakatika, ikarudi. Halafu chumba kile, kitanda kile, na bibi ameshika mkono wa dada anamwambia, "Mwanangu, ukifika huko usiwe mwepesi wa kujibu." Shangazi hakusema kitu. Alisogea mpaka karibu na TV, akakaa pale mpaka picha ikawa nyeusi.

"Rudisha," akasema.

Nilirudisha mara tatu, kompyuta ikirekodi zote, kwa kuwa kila mara deki iliruka mahali tofauti kidogo, na kutoka kwenye hizo tatu nikaunga dakika nne zilizo kamili isipokuwa neno moja. Dada anazo kwenye simu, Muscat. Shangazi hazitaki za simu, anataka deki, TV ya chogo na mkeka. Kwa hiyo kila mwezi naziwasha zote tatu dakika ishirini, vyuma visikauke grisi. Kwenye kopo la biskuti nina lenzi mbili za pini 15 ambazo bado hazijatolewa tone lake la risasi.