Tulivyokadiria muda wetu wa Hyrox, mimi na shemeji yangu

Shemeji yangu ni fundi wa mawe hapa Malindi. Ana kifua na mgongo wa mtu aliyepandisha mawe jukwaani tangu ujana. Mimi nguvu hizo sina, lakini nakimbia. Tulipojiandikisha mbio za Hyrox za wawili wawili kule Cape Town, aliniuliza tukiwa kwenye mahamri na mbaazi: "Shemeji, tutamaliza kwa muda gani?" Nikamjibu papo hapo, saa 1 na dakika 4. Jibu lile nusura linivunjie mwenzangu.

Hyrox ilianzia Hamburg, Ujerumani, mwaka 2017. Hufanyika ukumbini na mpangilio wake haubadiliki nchi hadi nchi, ndiyo maana muda wake unakadirika. Unakimbia kilomita 1, unafanya kazi moja, unarudi kukimbia, mpaka zitimie kilomita 8 na kazi 8. Unaanza na mashine ya ski, ya kuvuta kamba kutoka juu kwenda chini, mita 1,000, kisha unasukuma sledi ya chuma, yaani kitoroli kisicho na magurudumu, mita 50 na kuivuta kwa kamba mita 50. Zinafuata mita 80 za kulala kifudifudi na kuruka mbele, mashine ya makasia mita 1,000, kubeba vyuma viwili mita 200, na mita 100 za kwenda kwa kupiga goti kila hatua huku mfuko wa mchanga uko mabegani. Mwisho ni kurusha mpira ukutani mara 100. Wawili hukimbia kilomita zote bega kwa bega, ila kazi hugawana wapendavyo: mmoja anafanya, mwenziwe anangoja.

Kosa langu lilikuwa kwenye kukimbia. Kilomita 5 mimi nazikimbia kwa wastani wa dakika 4:20 kila kilomita, shemeji 5:12. Nikajumlisha, nikagawa kwa mbili, nikapata 4:46. Siku ya jaribio letu la kwanza tuliondoka kwa kasi hiyo, barabara ya Casuarina, mara tu baada ya sala ya alfajiri. Kufika raundi ya nne shemeji alikuwa amesimama, mikono magotini, hawezi kutamka neno. Aliniomba radhi. Mtu anayebeba mawe mchana kutwa, ananiomba radhi mimi kwa hesabu niliyoikosea mwenyewe! Nililala na uchungu usiku ule.

Wastani hauna maana hapa. Mkivuka mstari lazima muwe wawili, kwa hiyo kasi ya kukimbia ni ya yule wa polepole, basi. Tena si kasi yake akiwa mpya, ni kasi yake akiwa ameshachoka. Hiyo nayo sikuikisia. Kwa wiki tatu tulifanya hivi: kilomita 1, kazi moja, kilomita 1, kazi nyingine, kilomita 1, na saa naitazama ya shemeji tu. Miguu ikishachoka alikuwa anakwenda 5:35, anapungukiwa sekunde 23 kwa kila kilomita, na namba hiyo haikuyumba. Mara nane ni dakika 44 na sekunde 40. Tulipima kwenye lami. Ufuo maji yakipwa una mchanga mgumu na ni raha kukimbilia, lakini leo unakubeba na kesho unakumeza, huwezi kuutegemea kwa kipimo.

Kwenye kazi hesabu inageuka, maana hapo mwenye nguvu anaweza kumfidia mwenziwe. Nilichopima ni kipande kifupi kwa mtu asiyechoka, halafu nikaongeza muda wa kupokezana. Mfano ni mpira: kila mmoja wetu alirusha mara 20 kwa sekunde 44. Vipande vitano ni dakika 3:40. Kupokezana mara nne, sekunde 5 kila mara, inakuwa dakika 4 kamili. Nikaongeza nusu dakika ya uchovu, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ya mwisho na mpira wa kilo 6 unapaswa kufika mita 3 juu. Makasia tuliyapima jim, dakika 4. Mashine ya ski hatukuipata Malindi, nikaipa muda uleule wa makasia. Kazi zote nane zikaja dakika 26 na sekunde 15. Kisha nikaweka dakika 5 kwa jumla za kuingia na kutoka kwenye kazi zote, ambazo mwanzoni sikuziwaza kabisa. Jumla: saa 1, dakika 15, sekunde 55.

Shemeji aliitazama karatasi kimya, akasema, "Hii naiweza." Tangu hapo sikumwona tena akiwa na wasiwasi.

Tulimaliza kwa saa 1, dakika 17, sekunde 8. Tumepishana na karatasi kwa sekunde 73, na kila sekunde najua ilikopotelea. Ukumbi haukuwa na joto la kaskazi tulilozoea mazoezini, kwa hiyo kukimbia kulitupa faida ya sekunde 50. Mipira nayo tuliimaliza sekunde 12 mapema. Kilichotuangusha ni sledi. Fundi wa kuchomea vyuma alitutengenezea yetu, tukaipakia mifuko ya mchanga mpaka ikatimia kilo 152 kama ile ya mashindano, tukaisukuma kwenye sakafu ya saruji kwa dakika 2. Kule inasukumwa juu ya zulia, na zulia linang'ang'ania chuma. Tulitumia 3:10 kusukuma na 4:05 kuvuta, ambako nilikuwa nimeandika 3:00. Shemeji ndiye aliyeiondoa pale. Mimi peke yangu ningesukuma mpaka leo na ingali imesimama palepale.

Jambo moja nilifanya sawasawa: tulipotoka kwenye sledi tumechelewa, sikumwongezea mwendo. Nilimwambia, "Tano na thelathini na tano, shemeji, hiyohiyo." Akaishika mpaka kilomita ya 8, hata chini yake kidogo.

Tuliporudi Malindi, hoteli moja ilikuwa inabadilisha mazulia ya ukumbi wake. Tuliomba kipande kuukuu cha mita 12 na nusu, maana mita 50 za sledi hugawanywa mara nne za urefu huo, tukakigandisha juu ya saruji. Juzi tumesukuma sledi ileile juu yake kwa dakika 2:50, na hiyo ndiyo namba niliyoiandika kwenye karatasi mpya.