Pampu iliyokataa kuzima: nilivyohangaika na rilei za DC kwenye mizabibu ya Hombolo

Simu ya mjomba iliingia kabla ya adhana ya alfajiri. Sikuwahi hata kumaliza shikamoo. "Mpwa wangu, pampu yako inanguruma tangu jana jioni, tanki linamwagika. Boya nimeliinua kwa mkono, haisikii."

Ilikuwa Septemba, miezi ambayo Hombolo, Dodoma, kila ndoo ya maji ina mwenyewe. Nikamwambia achukue spana afungue nati ya betri. Leo nisingemwambia mtu hivyo. Kukata ampea 18 kwa spana kunarusha cheche, na betri za maji hutoa hidrojeni, gesi inayoweza kulipuka. Siku hiyo Mungu alisaidia, cheche ikaruka, pampu ikanyamaza, mjomba akabaki na nywele zake.

Nilitoka Nkuhungu na pikipiki, nikafika jua limeshachomoza. Mistari mitatu ya mizabibu ilikuwa tope, na betri zake mbili za 200Ah zilikuwa hoi. Nikazirudisha kwenye waya, nikashusha boya, swichi inayoelea kwenye maji ya tanki: taa ndogo nyekundu ya rilei, yaani swichi inayopokea amri ya boya na kupitisha umeme wa pampu, ikawaka, pampu ikaanza kwa unyonge. Nikainua boya. Taa ikazima. Pampu ikaendelea. Nilisimama pale nikiitazama ile taa iliyozima na bomba linalotoa maji, nikajiona mjinga wa mwisho.

Mfumo wenyewe ni mdogo. Paneli zinachaji betri mbili zilizounganishwa kupata volti 24, na pampu ya DC, umeme wa betri unaokwenda upande mmoja, inavuta kutoka kisima kifupi kupeleka kwenye simtanki la lita 5,000. Mwanzo nilitumia rilei ya gari. Haikumaliza mwezi, kontakti zake, vile vichuma vinavyogusana kupitisha umeme, ziligandana kama zimechomelewa. Boya lilikuwa linacheza juu ya maji, kila likicheza rilei inawaka na kuzima, na DC haina huruma na kontakti: cheche ikishaanza haina sababu ya kufa, maana umeme haushuki hadi sifuri kama ule wa ukutani. Ndipo mjini nikauziwa rilei ya elektroniki, zile SSR, kipande cheusi chenye skrubu nne. Muuzaji aliniambia, "Hii haina kontakti kaka, haiwezi kuganda." Kuhusu kontakti alisema kweli.

Kwenye uso wake palikuwa na herufi DA. Sikuzitilia maanani, niliangalia 40A tu. D ya kwanza ni upande wa amri, yaani inaamrishwa kwa DC, kwa kawaida volti 3 hadi 32. A ya pili ni upande wa mzigo, na maana yake ni AC, ule umeme wa ukutani. Ndani yake kuna thairista, swichi ya elektroniki, au ndugu zake, na thairista ikishafunguka haijifungi kwa kuondoa amri. Inasubiri mkondo ushuke karibu na sifuri. Umeme wa gridi yetu wa hezi 50 unapita sifuri mara 100 kila sekunde, hivyo huko haikosi nafasi. Betri haipiti sifuri hata kwa bahati mbaya. Nyingine za aina hii zikiwekwa kwenye DC hazikubali hata kuwaka, na mwenye nayo anaelewa mapema kwamba kuna kosa. Yangu iliwaka vizuri kabisa.

Nikanunua DD, yaani amri DC na mzigo DC, ya ampea 40. Pampu inakula 18, nikaona nimejipa nafasi zaidi ya mara mbili. Siku ya kuifunga nilipima kati ya skrubu zake mbili za mzigo pampu ikiwa inafanya kazi, nikapata volti 1.3. Nikafurahi kuwa ni kidogo. Sikuzidisha. Ningezidisha 1.3 kwa 18 ningepata wati 23, ambazo karibu ni chuma cha kusoda cha wati 25 kilichofungiwa ndani ya boksi la plastiki. Mimi niliifunga juu ya ubao, ndani ya kabati la bati lililopakwa rangi nyeusi, linalotazama magharibi. Mtu anayejua jua la Dodoma la mwezi wa kumi saa tisa alasiri ataelewa. Kabla ya rilei kutoa hata wati moja, hewa ya mle ndani ilikuwa inachoma mkono.

Ilidumu siku kumi na moja. Nilisikia harufu kabla sijafungua mlango, na pampu ilikuwa inaendelea tu, boya limeinuka. Hapo ndipo nilipojifunza kwa uchungu kuwa vitu hivi, vikiungua, mara nyingi vinakufa vikiwa vinaendelea kupitisha umeme. Balbu ikifa inazima. SSR ikifa, mzigo hubaki unafanya kazi.

Niliipasua nyumbani kwa tupa na msumeno. Ndani palikuwa na transista moja nyembamba, ndiyo swichi yenyewe, imebandikwa kwenye bati la chini kwa gundi. Kwamba kile kitu kingebeba ampea 40 ni maneno ya wino. Hata ambazo ni halali, ile namba ya usoni ni kwa rilei iliyofungwa kwenye kipoza joto kikubwa, katika hewa ya kawaida, siyo juu ya ubao kwenye kabati la bati.

Kabla ya kununua ya tatu niliazima mita ya kubana waya. Uhakikishe inapima DC, kwa sababu zile za bei rahisi nyingi zinapima AC peke yake, na kwenye waya wa betri zitakusomea sifuri huku waya unaungua. Pampu ikitembea, 18. Ikianza, namba iliruka hadi tisini na kitu kwa kufumba na kufumbua. Mota ikiwa imesimama ni kama waya mtupu, kwa hiyo rilei inaona mara tano ya kile nilichokuwa nakihesabu, na boya langu lilikuwa linaianzisha upya kila wimbi likipita.

Safari hii sikuuliza ampea kwanza. Niliuliza ndani kuna nini, na upinzani wake ikiwa imewaka ni kiasi gani. Duka la kwanza walinitazama kama nimeuliza jina la baba yake. La pili, Dar, walinitumia karatasi ya maelezo kwa simu: mosfeti (aina ya transista), upinzani miliomu 10, mwisho wa volti 100, ampea 100. Mzigo ukaja na basi. Niliyoipima mwenyewe ilionyesha volti 0.2, sawa na wati 3.6. Kutoka 23 hadi chini ya 4, mkondo uleule, pampu ileile.

Bado nimeifunga kwenye kipoza joto cha alumini, mapezi yamesimama wima ili hewa ipande, na pasta ya joto nimepaka nyembamba hadi rangi ya chuma inaonekana. Kabati limehamia chini ya jukwaa la tanki, kivulini, na limepakwa nyeupe. Waya ni wa milimita za mraba 16, vichwa vimebanwa kwa koleo lake, na baada ya wiki nilirudi kukaza skrubu. Mbili zilikuwa zimelegea. Skrubu iliyolegea, kuliko hata mota yenyewe, inaweza kuchoma rilei nzuri.

Halafu dayodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Mota ikikatwa ghafla, koili yake inarudisha teke la volti nyingi, na hilo teke linaua mosfeti bila kuacha alama. Dawa yake ni dayodi ya kasi sambamba na waya za pampu, upande wenye mstari ukiwa kwenye chanya. Nilikuwa nimechoka, nikaiweka kinyume. Nilipowasha, paa! Fyuzi ya ampea 40 iliyo shubiri moja kutoka kwenye betri ikakata. Dayodi ilikufa, rilei ikabaki mzima. Mjomba alicheka hadi akakaa chini.

Kilichonishangaza zaidi kilikuja mwishoni. Nilichomoa waya za pampu, rilei ikiwa imezima, nikapima nchani: volti 23. Mosfeti huvujisha mkondo kidogo hata ikiwa imefungwa, na mita haili kitu, kwa hiyo inaonyesha karibu volti zote. Kwa hiyo rilei hii haihesabiki kuwa swichi ya usalama. Nimeweka brekari ya DC kati ya fyuzi na rilei, yenye alama za chanya na hasi, na nimezifuata alama hizo, maana nyingine zikifungwa kinyume haziwezi kuzima cheche yake. Nimeipaka rangi nyekundu. Mjomba anajua kuwa hashiki pampu kabla hajaishusha, na pampu isiposikia boya anaishusha kwanza, kunipigia baadaye.

Boya la pili, la chini, ili pampu isianze mpaka maji yashuke nusu, bado sijalifunga. Mjomba ameliwekea la kwanza kipande cha bomba kulizuia lisicheze, na kwa sasa, nasikitika kusema, kinafanya kazi vizuri kuliko nilichokuwa nimepanga.