Siku moja gerejini: Prado, masizi na mafuta ya taa

Saa 2:00 asubuhi. Baridi ya Mbeya bado inauma. Nakuta Prado ya 2004 getini, injini 1KD-FTV, diseli ya lita 3.0. Haivuti, na mlimani inatapika moshi mweusi.

"Fundi, nimeambiwa turbo imekufa."

"Mzee, tuanze na njia ya hewa kwanza."

Saa 3:00. Natoa terminali ya betri, namwaga maji ya rejeta kwa sababu yanapita kwenye kipoza cha EGR, mfumo wa kurudisha moshi kwenye injini. Dogo anapiga picha kila soketi na kila mpira kabla ya kuchomoa.

Saa 4:30. Manifoldi, bomba la kugawa hewa kwenye silinda, imetoka. Matundu ya kupitisha hewa yamebaki vijitobo. Upande wa EGR masizi yamekauka kama mkaa. Kuelekea kwenye silinda yamelainika na kunata. EGR hurudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ili joto la mwako lipungue na gesi chafu za oksidi za naitrojeni zipungue. Masizi hayo yakikutana na mvuke wa oili, yanagandana.

Saa 5:00. Manifoldi inalala kwenye mafuta ya taa. Valvu ya EGR siizamishi upande wenye sensa. Nakwangua kwa kijiti, chuma kitachubua pale valvu inapokalia.

Matundu ya kichwa cha injini ndiyo yanayotaka moyo. Nazungusha krenki, mhimili mkuu wa injini, mpaka valvu za silinda husika zifunge, matundu mengine nimeyaziba kwa vitambaa. Nakwangua, nanyonya uchafu kwa mashine, nahamia inayofuata. Kipande kigumu kikidondokea ndani, umejitafutia kazi ya wiki nzima.

Saa 8:00 mchana. Wali maharage, wima wima.

Saa 9:00. Gasketi mpya, za zamani sirudishi hata mteja abembeleze. Sensa ya hewa napuliza dawa yake tu, bila kuigusa. Wapo mafundi wangeweka kibati cha kuziba EGR wakamaliza kabla ya adhuhuri. Mimi sipendi: gesi chafu zinaongezeka, na mara nyingi taa ya injini inawaka.

Saa 11:00 jioni. Tunashuka Iwambi hadi Mbalizi, tunageuza kupanda. Mwanzoni inakohoa mabaki, kisha moshi unakatika na gari linavuta gia ya tatu bila kubembelezwa.

"Sasa ile pesa ya turbo?"

"Nunua matairi ya nyuma, mzee. Yamekwisha."