Siku niliyokwenda kumkatia Mama tiketi

Jumatano, saa 11 alfajiri

Kabla ya adhana nilisikia kishindo uani, kisha sauti ya Mama: "Lahaula!" Nikatoka mbio na tochi ya simu. Kijana wa jirani alikuwa ameiacha honda, pikipiki yake, katikati ya kijia, usoni mwa mlango wetu, na Mama alikuwa ameigonga kwa muundi akienda kutawadha. Mguu umechubuka. Mama haoni vyema. Wiki hii yote anatiwa dawa machoni.

Nimeshamwambia yule kijana mara tatu. Kila mara hunijibu "Poa, dada," na kila usiku honda inarudi palepale, ilhali uwanja wa kwao una nafasi ya magari mawili. Nilitaka kumgongea mlango saa ile ile, Mama akanizuia. "Waache watu walale," akasema, huku amekaa juu ya ndoo anaupapasa mguu.

Mama alivuka kutoka Pemba kuja huku Unguja wiki mbili nyuma kwa ajili ya macho. Kwao ni Kengeja. Jana daktari amemruhusu kurudi, na Ijumaa asubuhi ni khitma ya arubaini ya mamkubwa, dada yake wa tumbo moja. Mama ndiye aliyemwosha. Kwa hiyo lazima apande meli ya Alkhamis, na leo lazima nikate tiketi.

Saa 1 na nusu asubuhi

Daladala ya 502 kutoka Bububu. Tumebanana, na kijana mmoja anatazama mpira kwenye simu kwa sauti ya juu kabisa, mtangazaji anatupigia kelele masikioni sote. Hakuna aliyesema kitu, na mimi pia sikusema.

Tulipofika Mtoni, mzee mmoja mwenye bakora akasema, "Shusha." Utingo alikuwa anahesabu chenji. Mzee akarudia, "Shusha, mwanangu." Gari inakwenda tu. Ikabidi sisi wanawake wa nyuma tugonge bodi kwa viganja, na iliposimama tulikuwa tumeshafika Maruhubi. Utingo akamwambia, "Mzee, ungepaza sauti." Akamwacha barabarani, jua limeshapanda, arudi nyuma kwa miguu na bakora yake. Mtoto wa mtu anayemwita mzee wa watu "mzee" kwa ulimi, kisha anamtupa mwendo wote ule, sijui neno hilo kwake lina maana gani.

Saa 2 na nusu

Nauza kanga na vitambaa katika duka la Mchangani, mwaka wa tisa sasa. Tajiri wangu ni mtu wa maneno machache, lakini siku yangu ya kwanza kazini alinifundisha jambo moja nililolishika hadi leo: mtu akikanyaga kizingiti, mwamkie kabla hujamtazama mkoba. Kama una mteja mwengine mkononi, mwambie huyu aliyeingia, "Karibu, kaa kidogo, namaliza." Mtu aliyekaribishwa husubiri nusu saa bila kununa. Aliyenyamaziwa huondoka baada ya dakika mbili, na akifika kwao huwasimulia watu saba.

Asubuhi hii wateja wangu wa mwanzo walikuwa wasichana wawili na vikombe vyao vya juisi ya miwa. Wakanifunulisha doti baada ya doti, hii ina pindo nene, ile mji wake wa katikati hauna maua, hii rangi haitoki vizuri kwenye picha. Nikafunua zote. Kutazama si dhambi, na kanga hainunuliwi imekunjwa. Wakapiga picha kila moja, wakaondoka bila hata kuaga. Nilipoanza kukunja nikakuta kikombe kimewekwa juu ya kisutu, kimepinduka, juisi imepita mpaka kipande cha pili. Kisutu hakina jina, ule msemo wa kuandikwa, kama kanga nyengine, watu hukijua kwa rangi zake tu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, na huyo anayekinunua mara nyingi anaandaa harusi. Nani atapeleka kisutu chenye doa kwa biharusi?

Tajiri hakunikata mshahara. Alikishika, akakinusa, akasema, "Kitie maji baridi." Lakini nilimwona jinsi alivyokikunja taratibu, na niliona haya kwa kosa lisilo langu.

Saa 4 na nusu

Nikaomba ruhusa ya nusu saa. Nilikata njia kwa Marikiti ya Darajani, lile jengo la 1904, nikapita upande wa samaki. Mnada wa changu ulikuwa umepamba moto, dalali anataja bei mfululizo, na hata hivyo nilipopita na kusema "Assalamu alaykum", aliitikia katikati ya bei mbili, "Waalaykumu salaam, mama," na mnada haukusimama. Nimelikumbuka jambo hili siku nzima. Ilimgharimu pumzi moja.

Ofisi ya tiketi iko upande wa bandarini. Jina lake sitalitaja. Dirisha moja lilikuwa wazi, na nyuma ya kioo dada mmoja kwa umri ni mdogo wangu. Mbele yangu watu wanne. Yeye alikuwa anarekodi ujumbe wa sauti kwenye simu kuhusu kitambaa cha sare ya harusi, zambarau au kijani, mita ngapi kwa kila mtu. Akimaliza ujumbe anasikiliza jibu, akimaliza jibu anarekodi mwengine. Kati ya jumbe mbili anamhudumia mtu mmoja.

Ilipofika zamu yangu nikamwamkia. Kimya. Nikadhani kioo kimezuia, nikarudia. Akanyosha kiganja, maana yake ningoje. Nikangoja. Hapo mkono ukapita juu ya bega langu, mwanamme amebeba pasi za wageni watatu, kamwita yule dada kwa jina. Akacheka naye, akazipokea. Nilipogeuka kumwambia bwana yule kwamba kuna foleni, alinijibu, "Hawa wageni wana haraka." Nami nina nini? Nina mama mwenye khitma ya dada yake.

Baada ya dakika ishirini na tano nikatajiwa neno la kwanza nililoambiwa ofisini mle: "Kitambulisho."

Nikamwonyesha picha ya kitambulisho cha Mama kwenye simu. Nikamweleza kwamba jana jioni nilipiga namba yao, na aliyepokea aliniambia nije na jina kamili na pesa, kitambulisho chenyewe Mama ataonyesha siku ya kupanda. Hakunitazama. Akasema, "Aliyekwambia si mimi." Kisha, juu ya kichwa changu: "Mwengine!"

Sipingi kanuni ya kitambulisho. Sisi wa Pemba ndio wa mwisho kuipinga. Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama baharini usiku upande wa Nungwi ikielekea Pemba, imepakia watu kupita uwezo wake, na mtaani kwetu Kengeja kila mtu alikuwa na wa kumuulizia. Najua kwa nini jina liandikwe na kadi ionekane. Angesema tu, "Pole, dada, uliambiwa vibaya. Lete kadi yenyewe kabla ya saa 6, kwani viti vya kesho vinakaribia kwisha," ningemshukuru, na ningechukua pikipiki hadi Bububu na kurudi. Gharama ya pikipiki ningeimeza. Lakini habari ya viti hakunipa. Nilitoka nikidhani nina siku nzima.

Njiani nilirudi na neno la chuoni. Tulikuwa wadogo, tumekaa juu ya jamvi, na mwalimu akatueleza aya ya 86 ya Surat An-Nisaa, kwamba ukiamkiwa uitikie kwa kilicho bora zaidi, au angalau urudishe kile kile. Alitufanyisha mazoezi mmoja mmoja. Aliyeitikia kwa uvivu alirudishwa mlangoni aanze tena. Yule dada wa dirishani naye bila shaka alikaa kwenye jamvi kama lile. Mji huu wote tumekaa.

Saa 7 mchana

Nimesali, nimekula urojo kwa haraka. Nikamsimulia shoga yangu wa duka la pili. Yeye husema kila kitu kina pa kushitakiwa, akaniambia niende kwenye Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, si ndiyo inayomlinda mlaji? Kweli, na ningeuziwa unga uliopita tarehe ningekwenda. Lakini nitaandika nini kwenye karatasi ya malalamiko? Kwamba niliamkia mara mbili sikuitikiwa?

Mwanangu anatoka skuli saa 6 na nusu. Nilimpigia simu jirani amwambie achukue kitambulisho cha bibi yake aniletee dukani. Mama mwenyewe hawezi kupanda gari peke yake na macho yale.

Saa 8 na nusu

Akaingia bibi mmoja wa makamo ya Mama, anatweta. Nikamkalisha, nikampa maji. Alikuwa anataka kanga, lakini miwani kaisahau, nimsomee majina. Kazi hii naipenda kuliko zote. Nikaanza kumsomea moja moja, za mahaba, za mafumbo, za kumjibu jirani, na kila nikisoma anatikisa kichwa. "Hiyo ya ugomvi. Sitaki ugomvi."

Nikamuuliza, "Unampelekea nani, bibi?"

Akasema ni ya muuguzi. Alikwenda hospitali wiki iliyopita kupimwa presha, watu wamejaa hadi kwenye veranda. Yule muuguzi akatoka mlangoni, akawaamkia wote, akawaambia daktari yuko kwenye upasuaji, hatatoka kabla ya saa 5, aliye na njaa aende akale na nafasi yake haitapotea, jina lake limeshaandikwa. "Ndiyo hayo tu," bibi akasema. "Wala presha yangu hakunipima yeye."

"Na daktari alitoka saa 5?"

"Saa 6. Lakini saa 5 alikuja tena, akatwambia bado."

Nikapanda ngazi mpaka rafu ya juu, nikatoa doti ya rangi ya machungwa iliyoandikwa *Wema hauozi*. Nikamsomea. Akaomba nimsomee tena, kisha akaishika pindo kwa vidole viwili kama anayepima, akauliza bei. Nikampunguzia. Tajiri alikuwa anasikia, hakusema neno. Bibi alilipa kwa noti zilizofungwa kwenye ncha ya leso, akanitaka nimfungie kwa karatasi nzuri, si mfuko wa kawaida, nami nikatafuta mpaka nikapata.

Saa 9 na nusu alasiri

Mwanangu alifika na kadi, uso umejaa jasho, gari mbili zilimwacha kwa sababu mwanafunzi hulipa nauli ndogo. Huyo naye ni wa kuandikiwa siku yake peke yake.

Nikaenda bandarini karibu kwa mbio. Dirishani sasa alikuwa kijana mwengine. Nikamwamkia, akaitikia, akaniangalia usoni, akapokea kadi kwa mikono miwili. Akabonyeza, akatazama, akabonyeza tena. Kisha akaondoa mikono kwenye mashine.

"Mama, kesho imejaa. Vimekwisha saa 7. Nafasi niliyonayo ni Jumamosi."

Nikamwambia nilikuwa hapa saa 5. Akaniuliza nini kilitokea, nikamweleza bila kumtaja mtu. Akainamisha kichwa. Akasema, "Samahani sana," kisha akainuka kwenye kiti chake, akaenda ofisi ya ndani kuuliza kama kuna aliyeghairi. Nilimwona kupitia kioo anazungumza na mkubwa wake, anaonyesha kadi ya Mama. Akarudi. Hakuna aliyeghairi. Akaniandikia namba yake ya ofisi, akasema mtu akighairi usiku atanipigia yeye mwenyewe.

Ndege ipo, na ni mwendo mfupi hadi Chake, lakini nauli yake sina, na kukopa kwa tajiri wiki ile ile kisutu kimeharibika sikuweza.

Nikakata ya Jumamosi.

Saa 1 usiku

Foleni ya magari, msongamano, sina la kusema.

Nyumbani nilimkuta Mama ameshafunga mzigo. Mkoba uko mlangoni, juu yake mikate ya ufuta aliyoagiza kwa ajili ya watu wa khitma, imefungwa kwa gazeti na kamba. Amekaa kitandani na buibui karibu yake, kama meli inaondoka usiku huu huu.

Nikamweleza yote. Hakukatiza. Nilipomaliza akauliza jambo moja: "Yule wa mwanzo, hata salamu hakuitikia?"

"Hakuitikia, Mama."

Akanyamaza. Kisha akafungua kamba, akaitoa mikate moja moja, akaniambia nyumba za kuipelekea kabla haijakauka, na wa honda alikuwemo. Akaomba simu. Nilimtafutia namba ya mjomba, nikamwekea sikioni. Kule Kengeja walikuwa wanaongea wote kwa pamoja, nasikia sufuria, nasikia watoto, wanamuuliza atashuka bandari ya Mkoani saa ngapi, nani aje kumpokea.

"Msinisubiri," Mama akasema. "Anzeni tu."